Somo: cleave, kitenzi kinachopasua na hapohapo kinaambatanisha

Wadau leo tukae na kitenzi kimoja cha Kiingereza ambacho wengi tunakiruka tukikutana nacho, cleave, tamka kliiv, i ivute. Kina maana mbili na zinapingana kabisa, moja ni kupasua kitu kiachane, nyingine ni kung'ang'ania kitu usibanduke. Mi nilijua ile ya kupasua tu, sasa siku nimefika Mwanzo 2:24 kwenye Biblia ya King James nakuta mwanamume shall cleave unto his wife, nikaona hapa kuna kitu sikijui, maana kwa Kiswahili pale ni ataambatana na mkewe.

Hatua ya 1. Jua kwamba haya yalikuwa maneno mawili. Kwenye Kiingereza cha kale kulikuwa na clēofan, kupasua, na clifian, kunata, miaka ikaenda sauti zikasogeleana mpaka zikawa kitu kimoja. Kwa hiyo usiumize kichwa kutafuta kupasua kunageukaje kuwa kushikamana.

Hatua ya 2, na hii ndo ya kushika hata ukisahau zingine zote: angalia kinachofuata baada ya kitenzi. Ukiona to au unto, ni kuambatana. She cleaved to her faith, aliishikilia imani yake. Ukiona kitu chenyewe kimefuata moja kwa moja, ni kupasua, The axe cleaved the log in two, shoka lilipasua gogo vipande viwili. Na ukiona through ni kupenya huku unapasua, kama meli inavyokata mawimbi, the ship cleaved through the waves. Kiswahili nacho kina mambo haya, kuazima kwa mfano, nimemwazima baiskeli ni mimi nimetoa, nimeazima baiskeli kwake ni mimi nimepokea, kitenzi kilekile ila maneno ya pembeni ndo yanaamua.

Hatua ya 3. Wakati uliopita, hapa ndo wengi wanachanganyikiwa. Kwa maana ya kupasua utakuta cleaved, clove na cleft, halafu baada ya have utakuta cleaved, cloven au cleft, zote ni sahihi. Kwa maana ya kuambatana siku hizi andika cleaved basi. King James ya 1611 yenyewe inatumia clave kwa zote mbili, soma Mwanzo 22:3 Abrahamu anachanja kuni, clave the wood, kisha nenda Ruthu 1:14, Orpa anambusu mkwewe anaondoka lakini Ruthu clave unto her, akaambatana naye. Neno ni lilelile, herufi kwa herufi, huku kuni zinaachana kule mtu anagoma kuachana, na kilichokuokoa ni ile unto.

Kuna mafungu yameshaganda usiyabadilishe: cloven hoof ni ukwato uliogawanyika kama wa ng'ombe au mbuzi, cleft lip ni mdomo uliopasuka tangu kuzaliwa. Ukisema cloven lip watakushangaa.

Hatua ya 4. Usikitumie kila mahali. Kukata mkate ni cut. Cleave inapendeza pale kitu kinapoachana kwa kufuata mstari wake wa asili, lile shoka linaingia kwenye gogo kavu, mti unalia, unafunguka wenyewe kufuata nyuzi zake mpaka chini, hiyo ndo cleave.

MASWALI

Swali: Mwalimu, clove ya karafuu nayo inatoka hapa?
Jibu: Hapana, ila swali zuri sana. Karafuu inatokana na clavus ya Kilatini, yaani msumari, iangalie karafuu kavu vizuri utauona msumari na kichwa chake. Lakini clove ya kitunguu saumu, kile kipande kimoja unachobandua, hiyo ni ndugu kabisa wa cleave ya kupasua.

Swali: Na cleavage? Mi naijua ya kifua tu.
Jibu: Hiyo ipo, ule mfereji katikati ya matiti. Ila kwenye jiolojia ni tabia ya madini kupasuka kwa kufuata bapa zake, ulanga unabanduka karatasi kwa karatasi kwa sababu hiyo. Kwenye baiolojia ni yai lililorutubishwa linapogawanyika seli 2, 4, 8 na kuendelea.

Swali: Naweza kusema the sticker cleaves to the wall?
Jibu: Sarufi haina kosa ila masikioni inakaa vibaya, hapo sema sticks to. Cleave to iwekee watu, imani na misimamo, au ulimi mkavu ulioganda kwenye kaakaa, his tongue cleaved to the roof of his mouth. Hebu kila mtu aandike sentensi mbili hapa chini, moja yenye to na moja isiyo nayo, nitazipitia zote.