Anza na tetea, vipande vitafuata

Naishi Mkonze, hapa Dodoma, na kuwafundisha wanangu mambo ya hela sikuwaanzishia kibubu. Kibubu kinafundisha kuficha hela tu. Mnunulie mtoto tetea mmoja wa kienyeji, awe wake kabisa, na daftari la kuandika gharama: pumba, na chanjo ya kideri, ile ya tone moja jichoni kila miezi mitatu. Bei ya pumba akaiulize mwenyewe Soko la Majengo. Usimtajie.

Somo lenyewe liko kwenye mayai. Yanataka siku 21 kuanguliwa, na mtoto anataka chipsi mayai leo. Usimkataze, muulize tu, "Ukilila hili, kifaranga atatoka wapi?" Binti yangu wa darasa la tatu alikula mawili, mengine akayaacha yaatamiwe. Mwewe naye akaja kuchukua chake. Hiyo pia iandikwe, hasara ina ukurasa wake.

Majogoo yakiuzwa, hela igawanywe mbele yake: ya pumba kwanza, ya soda kidogo, inayobaki umnunulie vipande vya Mfuko wa Watoto wa UTT AMIS, kampuni ya umma inayowekeza hela za watu kwa pamoja. Kipande ni fungu lako dogo kwenye mfuko huo, ulioanza 2008 kwa ajili ya walio chini ya miaka 18. Kila Ijumaa atafute bei ya kipande, azidishe kwa vipande vyake. Ikishuka, asifichwe.

Na wazazi wenzangu, luku ikiisha msiichezee hela ya mtoto. Mkiikopa, mjiandikishe daftarini kama wadeni wengine, na tarehe ya kulipa.