SOMO: Sheria za kazi zinabadilika kila mwaka, mwajiri mdogo afanyeje ili isimpite

Habari zenu wadau. Mimi kazi yangu ni mishahara na mafaili ya wafanyakazi, nilianza kama karani shuleni, sa hivi nashika payroli za watu wenye gereji, gesti, famasi na shule ndogo ndogo hapa Mwanza. Nimeona niandike hili somo maana kila ikifika Januari na Julai simu yangu haipumziki, na swali ni lile lile, eti dada nasikia sheria imebadilika, ni kweli?

Nianze na kilichonikuta. Mwishoni mwa 2022 ilitoka amri mpya ya kima cha chini cha mshahara sekta binafsi, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2023. Shule moja niliyokuwa naiandalia mishahara, mwenye shule alisikia kwenye redio, akaniambia tusubiri barua kutoka serikalini ndo tubadilishe. Na mimi nikakubali, nikaendelea kuandaa mishahara ile ile mwezi hadi mwezi. Mwezi wa nane afisa kazi akaingia getini, hana makelele wala nini, akaomba mikataba, slipu za mishahara na daftari la mahudhurio. Akaweka kidole kwenye mshahara wa mpishi akauliza, "hii namba mmeitoa wapi?" Hatukuwa na jibu. Wafanyakazi 11 walikuwa chini ya kima, kila mmoja pungufu la shilingi 60,000 kwa mwezi, miezi saba, jumla 4,620,000. Bado michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) ya hilo pungufu asilimia 20, hiyo ni 924,000 nyingine. Mwenye shule aliuza kiwanja. Na yule mpishi ana watoto wanne, miezi saba alikuwa anadai hela yake bila kujua kama anadai, hilo ndo linaniuma mpaka leo.

Kwahiyo shika hili kwanza kabla hatujaendelea: HAKUNA BARUA. Sheria ikishatangazwa kwenye Gazeti la Serikali inahesabika umeijua, hata kama uko Ukerewe na umeme umekatika wiki nzima. Kuitafuta ni kazi ya mwajiri.

(Nazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria yao, nitagusia kwenye maswali.)

HATUA YA 1: Jua milango ambayo mabadiliko yanaingilia

Watu wengi wanadhani kuna kitabu kimoja kinaitwa sheria ya kazi. Hapana. Sheria mama ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, Sura ya 366, hii inabadilishwa na Bunge na haibadiliki mara kwa mara, ila ikibadilika inagusa mambo mazito kama likizo, mikataba, kuachisha kazi. Chini yake kuna kanuni, zile za jumla ni za 2017, hizi anatunga waziri. Kima cha chini ni mlango mwingine kabisa, waziri anatoa amri ya mishahara baada ya bodi za kisekta kukaa. Halafu kuna Sheria ya Fedha, hii ni ya kila mwaka na ndo inabadilisha PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi anayolipa mwajiri), wenye biashara wengi wanaiona ni mambo ya kodi tu kumbe imo ndani ya payroli. Ongeza NSSF, WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi), OSHA (wakala wa usalama na afya kazini), na tangu 2023 kuna sheria ya kulinda taarifa binafsi ambayo inagusa hata zile kopi za vyeti na vipimo vya afya ulivyojaza kwenye droo bila kufuli.

HATUA YA 2: Weka tarehe ukutani

Katikati ya Juni bajeti inasomwa, tarehe 1 Julai Sheria ya Fedha inaanza kutumika. Hapo usilipe mshahara wa Julai kabla hujaangalia viwango. Na mabadiliko sio lazima yakuumize, mwaka 2021 idadi ya wafanyakazi inayokufanya uanze kulipa SDL ilipandishwa kutoka wanne hadi kumi, mwenye gereji mmoja mwenye watu saba alikaa karibu mwaka mzima analipa kitu ambacho hakimhusu tena. Mwaka 2023 kiwango chenyewe kikashuka hadi asilimia 3.5.

Mei Mosi nayo uiangalie ila kwa makini. Mei Mosi ya 2025 Rais alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kupanda kwa asilimia 35.1, kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Wiki hiyo hiyo nilipigiwa na wenye gesti wawili wanalia wafanyakazi wamegoma kufagia wanataka laki tano. Ile ilikuwa ya serikali. Ya kwenu ilikuja baadae, Oktoba 2025, kuanza kutumika 1 Januari 2026. Kwahiyo mara mbili kwa mwaka, Januari na Julai, kaa chini nusu siku, funga mlango, pitia.

HATUA YA 3: Soma tangazo lenyewe, usisome wasap

Hapa ndo penye mtego mkubwa nataka mnisikilize. Amri ya Oktoba 2025 ilisambaa kwenye magrupu kwa namba moja tu, 358,322, kwamba imepanda kutoka 275,060 sawa na asilimia 33.4. Namba ni ya kweli. Lakini ni WASTANI wa sekta zote. Sio kima chako wewe. Kila sekta ina kiwango chake, kilimo chake, afya chake, hoteli chake, ulinzi binafsi chake, shule binafsi chake, na ndani ya sekta kuna madaraja, madini kwa mfano wenye leseni za uchimbaji hawalingani na wachimbaji wadogo, na mfanyakazi wa ndani wa balozi halingani na wa mtu wa kawaida. Sasa kuna mwenye famasi alipandisha wote mpaka 358,322 akashindwa kulipa mwezi wa pili akaanza kufukuza watu, na kuna mwingine akasema hiyo hela sina akaacha kabisa kusoma kumbe kiwango cha sekta yake kilikuwa kinawezekana. Wote wawili waliponzwa na meseji ya mistari mitatu.

Ukipata tangazo tafuta vitu vitatu: namba ya tangazo na mwaka, tarehe ya KUANZA kutumika (sio tarehe ya kutangazwa), na kipengele kinachosema linamhusu nani. Viandike kwa mkono wako kwenye daftari moja la kaunta, hilo hilo kila mwaka. Gazeti la Serikali linatoka Ijumaa, kwa Mpigachapa wa Serikali unapata nakala, na mtandaoni TanzLII wanaweka sheria na hukumu bure kabisa. Hukumu nazo ni za kusoma, hata mbili tatu tu, utaona waajiri wanashindwa kwa makosa gani.

Halafu jambo jingine, mwaka 2025 sheria zote za nchi zilitoka kwenye toleo jipya lililorekebishwa, linaitwa Toleo la 2023, linatumika tangu 1 Julai 2025. Kwahiyo ukinukuu kifungu kwenye barua ya onyo au ya kuachisha kazi hakikisha unatumia toleo jipya, maana barua za kukopi za zamani zinaweza kutaja kifungu kisichohusiana.

HATUA YA 4: Shuka jina kwa jina

Fungua eksel au chora kwenye karatasi. Jina, kazi anayofanya kweli (sio cheo cha kwenye mkataba), mshahara wa msingi, kima cha sekta yake, tofauti. Anayetoka na tofauti hasi mzungushie nyekundu. Hiyo tu. Ila msingi ni msingi, usijumlishe nauli na chakula ili afike kwenye kima, watu wengi wanajidanganya hapo. Mshahara wa msingi ukipanda, ovataimu nayo inapanda kwasababu inahesabiwa mara moja na nusu ya msingi, michango ya NSSF inapanda, na SDL na WCF pia.

HATUA YA 5: Badilisha karatasi, sio kichwani kwako

Kujua peke yake hakukusaidii. Sheria inasema maelezo ya kazi ya mfanyakazi yakibadilika, unayarekebisha kwa kushauriana nae na unamjulisha kwa maandishi. Mimi natumia karatasi moja tu, nusu ukurasa, "kuanzia tarehe fulani mshahara wako wa msingi ni kiasi fulani badala ya kiasi fulani, kufuatia tangazo namba fulani", anasaini yeye, unasaini wewe, kopi yake anaondoka nayo. Hiyo karatasi inatunzwa mpaka miaka mitano baada ya mtu kuacha kazi. Na sikilizeni, mkifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (ndo inasikiliza migogoro ya kazi) mkabishania makubaliano na wewe mwajiri huna maandishi, mzigo wa kuthibitisha ni wako wewe. Sio wake.

HATUA YA 6: Waambie wafanyakazi

Dakika kumi asubuhi, na lile bango la haki za wafanyakazi ambalo sheria inataka libandikwe, libandike sehemu wanapopita, sio ofisini kwako nyuma ya kabati.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Kahama: Dada shukrani kwa somo. Mimi nina mgahawa, wahudumu nawapa mkataba wa miezi mitatu mitatu nikirudia. Nasikia 2025 wameruhusu mikataba ya muda kwa kila mtu, ni kweli?

Jibu: Sio kila mtu kaka. Zamani mkataba wa muda maalum ulikuwa wa wataalamu na mameneja tu. Marekebisho ya 2025 yameongeza mazingira, mfano kazi za msimu, mradi maalum, au kazi zimeongezeka kwa muda. Muhudumu anayehudumia mgahawa unaofungua mwaka mzima hana msimu hapo. Ukimrudishia miezi mitatu mara nane halafu siku moja ukamwambia mkataba umeisha, andaa majibu ya Tume. Mpe mkataba usio na ukomo, weka kipindi cha majaribio, utalala usingizi.

Mama Saluni, Mbeya: Shoga yangu binti wangu wa kazi kajifungua mtoto kabla ya wakati, wiki 32. Likizo yake nahesabuje?

Jibu: Pole kwake na Mungu amkuze mtoto. Ndo moja ya mabadiliko mazuri ya 2025 hili. Zile siku 84 zipo palepale (100 akiwa na mapacha), na wiki zilizobaki kufikia 40 zinaongezwa. Kwahiyo 40 toa 32 ni wiki 8, siku 56, jumla siku 140. Akirudi ana haki ya kwenda kunyonyesha hadi masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Usimhesabie kwenye likizo yake ya mwaka, ile siku 28 ni kitu kingine.

Mdau wa Arusha: Mkuu je kama kima kimepanda naweza kupunguza posho ya nyumba niliyokuwa nampa ili jumla ibaki ile ile?

Jibu: Usifanye. Posho ikiwa kwenye mkataba huwezi kuikata peke yako, na amri ya kima cha chini ni sakafu, haikupi ruhusa ya kumpunguzia mtu alichokuwa anapata. Kama biashara imebana kweli, kaeni chini mzungumze, chochote mtakachokubaliana kiandikwe, na msingi usishuke chini ya kima kwa hali yoyote.

Mwenye duka Unguja: Asalam alaykum. Haya yananihusu na mimi?

Jibu: Waalaykum salaam. Utaratibu wa kufuatilia ndio, viwango hapana. Huko mna Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, mna kima chenu, na mfuko wenu wa hifadhi ya jamii ni ZSSF. Mwenye matawi pande zote mbili aweke payroli mbili tofauti, nimeshaona mtu kawakata wa Unguja NSSF mwaka mzima, kuirudisha ilikuwa kazi.

Mdau wa Geita: Mfanyakazi wangu kafiwa na mzazi, siku nne za sheria hazijamtosha, anaomba wiki tatu. Nikimpa si nitakuwa nimevunja utaratibu?

Jibu: Hujavunja. Tangu 2025 ipo likizo ya dharura bila malipo, hadi siku 30, kwa makubaliano yenu. Aandike barua, wewe ujibu kwa barua, mwezi huo slipu ioneshe siku ambazo hakulipwa. Na ukiweza mtumie rambirambi.

Mdau hajataja alipo: Shikamoo dada. Nimesoma hili somo leo ndo nimegundua tangu Januari nalipa kima cha zamani, walinzi watatu na dada wa usafi. Natetemeka. Nifanyeje, nisubiri wanidai?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, usitetemeke na usisubiri. Leo jioni chukua karatasi, kila mmoja andika kima cha sekta yake, ulichomlipa, pungufu, zidisha kwa miezi. Kesho waite wote wanne pamoja, waambie ukweli kwamba ulikosea, waoneshe hesabu. Kama hela yote huna, kubalianeni mafungu, mfano nusu mwisho wa mwezi huu nusu ujao, muandike na wasaini. Mwezi huu huu anza kulipa kima kipya bila kukosa, halafu nenda NSSF ukaongeze michango ya ile tofauti kabla hawajakufuata wao. Walinzi angalia pia saa zao, kama wanakesha masaa 12 siku sita hiyo ni 72 na sheria ni 45 kwa wiki, kwahiyo kuna ovataimu humo na nyongeza ya usiku asilimia 5 kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Ukikwama kwenye hesabu nitumie bila majina ya watu, nitakusaidia kupiga.