Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujajaza Fomu ya Mapitio ya PIP

Haya nawaandikia ndugu zetu walioko Uingereza wanaopokea PIP (Personal Independence Payment), ile posho ya ulemavu iliyoanza mwaka 2013 kuchukua nafasi ya posho ya zamani iitwayo DLA. Mara nyingi PIP hutolewa kwa muda, na muda ukikaribia kwisha inaingia bahasha yenye fomu iitwayo AR1. Wengi niliokaa nao mezani kuijaza waliichukulia kama kulipia upya leseni: weka saini, rudisha, maisha yaendelee. Sivyo hata kidogo. Kesi yako inaangaliwa upya, na malipo yanaweza kubaki, kupanda, kushuka au kufutwa kabisa. Mnaoishi Scotland mna posho yenu, Adult Disability Payment, yenye fomu na taratibu zake, lakini mengi ya hapa yatawafaa.

Anza na tarehe. Kwa kawaida una mwezi mmoja kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua, hata kama wewe umeifungua bahasha wiki mbili baadaye. Ukiona hutawahi, wapigie DWP, ile wizara ya serikali inayolipa PIP, kabla muda haujapita, uombe uongezewe, na uandike siku, saa na jina la uliyezungumza naye. Fomu isiyorudi inaweza kukukatia malipo bila mtu yeyote kukuona wala kukuuliza hali.

Usiguse fomu yenyewe siku ya kwanza. Piga nakala, andika kwenye nakala, lala, soma tena kesho yake.

Tafuta barua ya uamuzi wa mwanzo pamoja na ripoti ya mtathmini. Kama huna, omba DWP wakutumie. Humo utaona ulipata pointi ngapi na kwa shughuli ipi. Shughuli za maisha ya kila siku ni 10: kupika, kula, kutumia dawa, kuoga, choo, kuvaa, kuzungumza, kusoma, kuchangamana na watu na kupanga matumizi ya pesa. Za kutoka nyumbani ni 2: kupanga na kufuata njia, na kutembea. Kila fungu linahesabiwa peke yake. Pointi 8 zinakupa kiwango cha kawaida, 12 kiwango cha juu. Wala hazitolewi kwa jina la ugonjwa. Wawili wenye kisukari kilekile mmoja anapata, mwingine hapati, kwa sababu kinachopimwa ni namna ugonjwa unavyokuzuia kufanya mambo.

Hapa kwenye "kufanya" ndipo watu wengi wanapojikata wenyewe. Sheria inataka uwe unaweza kulifanya jambo kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kila linapohitajika, na kwa muda usiozidi mara mbili ya ule anaoutumia mtu asiye na ulemavu. Ukikosa hata moja katika hayo manne, kisheria huwezi. Mama anayekaa kitini jikoni akielekeza huku bintiye anakata vitunguu na kuinua sufuria, akiulizwa atasema anapika. Hapiki. Baba anayefika dukani kwa kusimama kila nguzo ya taa, kisha akashindwa kutoka kitandani siku inayofuata, atasema anatembea. Andika habari za siku hiyo inayofuata. Andika umbali kwa mita kabla ya kusimama, kwa sababu mita 20, 50 na 200 ndizo zinazobadilisha pointi. Na kama una siku nzuri na mbaya, sema ngapi ni mbaya katika wiki. Idadi ya siku zenye tatizo ikizidi nusu ya siku zote, linahesabiwa.

Halafu kuna kale kakisanduku ka "hakuna mabadiliko". Fomu inauliza kwa kila shughuli kama mambo yamekuwa mepesi, magumu zaidi, au yaleyale. Kutia alama "yaleyale" ni sawa kama ndiyo kweli. Kuacha nafasi ya maelezo tupu, au kuandika "kama mwanzo", ni hatari kubwa. Usitegemee kwamba anayesoma leo atakwenda kufukua fomu yako ya zamani. Eleza yote upya: nani anakusaidia, kwa kitu gani, mara ngapi, na nini kilitokea siku ulipojaribu peke yako. Taja vifaa pia, kile kigoda cha bafuni, kile kisanduku cha dawa chenye siku za wiki.

Lakini kabla ya hayo yote, amua nani atashika kalamu. Hili silioni likisemwa, na ndilo nililoliona likimuumiza mtu.

Bi mkubwa mmoja wa kwetu ana baridi yabisi ya mikono na mabega. Anayemhudumia ni binti yake. Fomu ilipofika binti yuko kazini, akaitwa mtoto wa kaka yake, kijana msomi, Kiingereza kinatiririka, mwenye adabu zake. Akakaa na fomu akimfasiria swali moja moja. Shangazi, kuoga unaweza? Naoga mwanangu, alhamdulillahi. Na choo? Choo sina tabu nacho. Kijana akatia alama, akaendelea.

Angejibu nini kingine? Mwanamke wa umri ule amwambie mtoto wa kaka yake kwamba mkono haufiki, kwamba kuchamba anachambishwa na bintiye, kwamba mgongo haujui sabuni mpaka mtu amsugue? Hata angeulizwa mara kumi asingesema. Na yule kijana aliona haya kuuliza mara ya pili. Wote wawili walifanya kama walivyolelewa. Fomu ikaenda ikisema mama huyu anajimudu.

Barua iliyorudi ilikata malipo ya maisha ya kila siku. Kilichofuata hawakukitarajia: posho ya binti ya kumhudumia mama, Carer's Allowance, inategemea hayohayo malipo ya mama, nayo ikasimama. Mapato mawili yakaondoka nyumba moja kwa alama zilizotiwa kwa heshima. Wakaomba uamuzi ufikiriwe upya, wakakataliwa. Ikabaki rufaa, na kungoja kwa miezi, na kukopa.

Kwenye baraza la rufaa wanakaa watatu: jaji, daktari, na mtu mwenye uzoefu wa mambo ya ulemavu. Mkalimani alikuwa mwanamke asiyemjua bi mkubwa wala mtaa wake. Bintiye alitoka nje kidogo, na mbele ya watu wageni kabisa yule mama akasema yote, akilia. Malipo yakarudishwa pamoja na malimbikizo. Sasa piga hesabu. Kuhitaji mtu akusaidie chooni, pamoja na kujisafisha baadaye, ni pointi 4. Kuhitaji mtu akuoshe kati ya mabega na kiuno ni pointi 4. Jumla 8. Yale mawili aliyoyasitiri yalitosha peke yake kumpa kiwango cha kawaida.

Kwa hiyo mchague wa kushika kalamu kwa swali moja tu: je, mbele yake naweza kusema habari za choo? Mama na mwanamke mwenzake. Mzee anayelowesha kitanda asijaziwe na mwanawe wa kiume, wala na mtoto wa shule anayejua Kiingereza. Na mkwe ndiyo usithubutu kabisa. Kama nyumbani hakuna wa kufaa, shirika la ushauri la Citizens Advice wanasaidia bure, na kaunsili nyingi zina washauri wa posho. Omba mwanamke ukitaka mwanamke. Aibu hiyo haitoki nje, lakini lazima ifike kwenye karatasi.

Ushahidi: barua za hospitali za karibuni, orodha ya dawa, ripoti ya mtaalamu aliyekuja kupima nyumba, maelezo ya anayekuhudumia, na daftari la wiki moja au mbili la yaliyotokea kweli. Peleka nakala, asili zibaki kwako. Kila karatasi ya ziada iwe na jina na namba yako ya National Insurance. Ushahidi ukichelewa usiizuie fomu. Ipeleke, na uandike kwamba mengine yanafuata.

Piga picha kila ukurasa kabla ya kufunga bahasha. Posta omba cheti cha kuthibitisha umetuma, ni bure.

Wakikuita kwenye tathmini, iwe ya simu au ana kwa ana, omba mkalimani mapema, hata kama Kiingereza cha dukani unakimudu. Soma nakala yako usiku wa kuamkia siku hiyo. Na mtathmini akianza kwa kukuuliza u hali gani, usimjibu "salama" kwa mazoea yetu. Mwambie ulivyoamka leo.

Usiongeze chumvi. Mwisho wa fomu unatia saini kwamba yote ni kweli, na uongo ni kosa la jinai. Usisaini kilichojazwa na mtu mwingine kabla hujasomewa kwa lugha yako, neno kwa neno. Jihadhari na wanaozunguka wakidai pesa, au fungu la malimbikizo, ili wakujazie. Uamuzi ukija mbaya una mwezi mmoja kuomba ufikiriwe upya, na ukikataliwa, mwezi mwingine kukata rufaa, nayo haina ada. Usiogope kueleza kwamba unafanya kazi au una akiba, PIP haiangalii hayo. Ukilazwa hospitali zaidi ya siku 28 malipo husimama, kwa hiyo watu wa nyumbani watoe taarifa. Na mnaokwenda nyumbani Mombasa, Unguja au Bukavu: safari ikizidi wiki 4 waarifu DWP kabla ya kuondoka, maana kwa kawaida nje ya nchi PIP hulipwa kwa wiki 13 tu, na mwachie mtu ufunguo awafungulie barua.