Somo: Kuotesha fuwele ya chumvi ya Rochelle na kupata umeme wake

Maalim wenzangu wa Unguja na Pemba, fuwele inayotoa umeme ikibanwa huoteshwa jikoni. Wanafunzi wa skuli waishike, wasiisome ubaoni tu.

1. Tafuta gramu 200 za krimu ya tata, ile poda nyeupe ya waokaji keki (ulizia Darajani), na gramu 90 za beking soda.

2. Weka krimu na mililita 250 za maji kwenye mtungi mkubwa, mtungi ndani ya sufuria ya maji moto. Haitayeyuka yote. Tia soda kijiko kidogo kidogo, maana povu hupanda ghafla. Povu likiisha na maji yakang'aa, chuja; maji hayo ndiyo yenye chumvi ya Rochelle.

3. Acha yapoe pahala pasipotikiswa. Punje za fuwele zikijitokeza, chagua moja safi, ifunge uzi, ining'inize katika maji yale yaliyopoa. Subira ndiyo kazi yenyewe: iliyokua haraka huwa na ukungu ndani.

4. Bandika foili ubavuni, pande mbili zinazokabiliana, unganisha multimita (kipima umeme), gonga polepole. Ibane mshazari, ukiibana wima tu huenda usione kitu.

Ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, waliuona umeme huu wa mbano mwaka 1880, na chumvi hii ilikuwemo kati ya fuwele walizozijaribu. Joseph Valasek ndiye aliyegundua mwaka 1920 kuwa ina umeme uliojipanga ndani, unaogeuzwa uelekeo kwa volti ya nje. Hiyo ndiyo feroelektriki. Lakini hali hiyo ipo kati ya nyuzi -18 na 24 za Selsiasi tu. Kaskazi ikivuma, fuwele yetu imeshatoka humo! Umeme wa mbano, hata hivyo, unabaki.

MASWALI

Wete: Basi huku hatuifikii feroelektriki?
Jibu: Mnaifikia. Ifungeni vizuri, iwekeni kwenye friji. Na chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 24 kina faida yake: hapo umeme wa mbano huwa mkubwa sana.

Mwera: Wakati wa masika fuwele yangu inalowa na kuteleza.
Jibu: Inanyonya unyevu. Ipake vanishi, itie kwenye chupa yenye kifuniko. Usiianike juani wala karibu na jiko. Ina maji yake ndani, na kwenye nyuzi 55 hivi huharibika.

Chake Chake: Na upande wa mwanga, maalim?
Jibu: Chukua miwani ya jua ya polaroidi (inayopitisha mwanga unaotetemeka upande mmoja tu), tazama skrini nyeupe ya kompyuta, izungushe mpaka skrini iwe nyeusi. Pitisha fuwele katikati. Penye fuwele patang'aa, kwa sababu inaugawa mwanga sehemu mbili na kuugeuza mtetemo wake. Ikibaki nyeusi, izungushe kidogo.