Kununua pawa saplai ya PlayStation (PS) Mwanza: soma namba kwanza, pesa baadaye

Juzi kijana mmoja alivuka na meli ya asubuhi kutoka Nansio, akaja moja kwa moja mezani kwangu Kirumba na PS4 ndani ya mfuko wa salfeti. "Shikamoo fundi. Pawa saplai nimeshanunua, wewe nifungie tu." Akatoa pawa saplai, kile kiboksi cha ndani kinachoilisha mashine umeme, imeviringwa nailoni, safi, inang'aa. Nikageuza mashine nikasoma namba ya chini, kisha nikasoma ya pawa saplai. Mashine inataka plagi ya pini 5. Aliyonunua ina pini 4. Aliyemuuzia alikuwa amemuuliza swali moja tu: "PS4 nene au nyembamba?" Naye akajibu nene. Hakuna aliyedanganya, na hela ikawa imeshatoka.

Kwa hiyo naandika hapa ninavyofanya mwenyewe ninapotafuta pawa saplai, iwe ya mteja au ya akiba.

Hatua ya 1: Hakikisha kilichokufa ni yenyewe

Mashine haiwaki kabisa, haina taa wala mlio? Anza na waya. PS4 nene na Slim (nyembamba) zinatumia waya wa namba nane, ule ule wa redio. Azima wa redio, jaribu. PS4 Pro za mwanzo zinakula waya mnene kama wa kompyuta. Badilisha na soketi pia. Mara ngapi nimepokea mashine "imekufa" kumbe ekstensheni ndiyo imeungua kwa ndani.

Kama inalia ti, taa inamulika sekunde moja halafu kimya, usikimbilie kununua. Pawa saplai nzima nayo hufanya hivyo hivyo ikikutana na bodi yenye shoti: inajihami, inakata. Toa pawa saplai, weka mita ya kupimia umeme kwenye mlio, gusa zile pini mbili pana zilizosimama kwenye bodi, ndizo zinazopokea volti 12. Mita ikilia mfululizo, shoti iko kwenye bodi, na hata ukinunua pawa saplai kumi zote zitakata. Ikilia kidogo ikanyamaza, bodi haina kosa upande huo.

Inayowaka vizuri halafu inazima katikati ya mechi, isafishe kwanza. Kwenye PS4 upepo wa feni ukishachukua joto la prosesa unapita ndani ya pawa saplai ndipo utoke nyuma. Maana yake takataka zote zinaishia humo. Na huku ufukweni takataka si vumbi peke yake: wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi, kisha usiku wanajaa kwenye taa, nimewachota ndani ya pawa saplai kwa brashi kama pumba. Halafu kuna mende, wanaofuata joto na giza. Niliwahi kufungua mashine moja ya Igoma nikakuta mende amelala kati ya miguu miwili ya transista, amekauka kama dagaa, pembeni yake doa jeusi la mkaa. Fyuzi ilikuwa imekatika. Yeye ndiye aliyeunganisha umeme pasipotakiwa.

Hatua ya 2: Soma namba mbili, siyo moja

Hapa ndipo hela inapookoka au kupotea, kwa hiyo usiharakishe.

Namba ya kwanza iko nje ya mashine, kwenye stika, inaanza na CUH. Ya pili iko juu ya pawa saplai yenyewe. Ya pili ndiyo ya kuamini. Mashine nyingi zinazotufikia zimeshapita mikononi mwa mafundi watatu, kava limetoka huku, bodi kule. Ukisoma kava tu unasoma historia ya kava.

PS4 nene za mwanzo, CUH-1000 na CUH-1100, pawa saplai yake ni familia ya ADP-240, na ile ya ADP-240AR kijiplagi chake chembamba, cha nyaya zinazokwenda kwenye bodi, kina pini 5. Nene za baadaye, CUH-1200, zinatumia ADP-200ER au N14-200P1A, na kijiplagi kina pini 4. Kwa umbo mashine hizi mbili zinafanana kama mapacha. Njia ya haraka ya kuzitenganisha ni kitufe cha kuwashia: kwenye 1200 unakibonyeza kikabonyea, kwenye za mwanzo unagusa tu. Huyu wa Nansio yake ilikuwa ya kugusa.

Slim, yaani CUH-2000 kwenda juu, nimezikuta na ADP-160CR au N15-160P1A. Pro ni familia ya ADP-300: CR kwenye CUH-7000, ER kwenye CUH-7100, FR kwenye CUH-7200. Herufi za mwisho si mapambo. Andika namba yote, au bora zaidi ipige picha.

ADP ni alama ya Delta, kampuni ya Taiwan. Nasema hivi kwa sababu mteja mmoja aliwahi kugoma kuchukua pawa saplai nzima kabisa kwa kuwa "haijaandikwa jina la PlayStation kubwa". Haihitaji.

Angalia pia mstari wa kuingiza umeme. Za PS4 nilizoshika zimeandikwa 100-240V, kwa hiyo iwe imetoka Japani au Marekani itakubali volti 230 za kwetu. Xbox 360 ni habari nyingine. Lile tofali lake la nje linatofautiana kwa nchi, na la Marekani halitaki zaidi ya volti 127. Ukilichomeka hapa bila transfoma, umelizika. Kisha linganisha ampea zilizoandikwa nyuma ya mashine na zilizo kwenye tofali: 16.5A, 14.2A na 12.1A ni vizazi vitatu vya ile nene, zote volti 12. Tofali lenye ampea nyingi linaweza kuitumikia mashine inayotaka chache, lakini si kinyume chake. Xbox 360 Slim ina plagi ya peke yake kabisa, usihangaike.

PS2 nyembamba bado zipo nyingi visiwani na vijijini. Zile zenye adapta ya nje zinataka volti 8.5, zaidi ya ampea 5. Adapta ya kamera za ulinzi ya volti 12 inaingia kwa kukata waya na kuunga, na inaua mashine. Nimeletewa maiti za namna hiyo mbili. Ukipata adapta ya zamani ya mtumba, ujue pia kwamba mwaka 2005 Sony wenyewe waliita zirudishwe adapta za PS2 nyembamba zilizotengenezwa kati ya Agosti na Desemba 2004 kwa sababu ya kuchemka. Ikichemka mpaka mkono unakataa, itupe.

Hatua ya 3: Pa kutafutia

Pawa saplai ya ndani haiuzwi kwenye boksi lake kama pedi. Karibu zote utakazoona zimetolewa kwenye mashine iliyokufa bodi. Hilo si kosa, mradi muuzaji aseme. Anayekuambia "mpya kabisa" mwombe akuonyeshe miguu ya plagi: kama ina mikwaruzo, imeshachomekwa.

Mjini anza na meza za mafundi wa simu na gemu, siyo maduka ya televisheni. Uliza hivi: "Una PS4 iliyokufa bodi?" Utapata majibu mazuri kuliko ukiuliza pawa saplai, maana wengine hawajaifungua bado na bei inakuwa ya kuongea. Beba ya kwako iliyokufa. Ukiiweka mezani maneno yanapungua.

Mwanza ikikosekana, ni Kariakoo, na mzigo unakuja na basi la usiku. Kabla ya kutuma pesa kwa simu, dai picha ya stika na picha ya kijiplagi, zote zimepigwa siku hiyo hiyo pembeni ya karatasi yenye jina lako. Mimi zamani nilitumiwa picha iliyotolewa mtandaoni, mzigo ukafika una harufu ya kuungua. Mwambie pia aifunge kwenye boksi gumu na magazeti. Pawa saplai iliyobanwa chini ya magunia inafika kava limebonyea ndani, na bati likigusa vipande vya ndani hiyo ni shoti inayongoja umeme.

Hatua ya 4: Ijaribu kabla ya kulipa

Inuse kwanza. Iliyoungua haifichi harufu. Itikise: kitu kikicheza ndani, rudisha. Ipime uzito kwa mkono pamoja na ya zamani. Iliyo nyepesi mno imepunguzwa vitu ndani.

Kisha mita. Ikichomekwa kwenye umeme peke yake, pawa saplai ya PS4 inatakiwa kutoa karibu volti 4.8 kwenye kijiplagi chembamba. Volti 12 hazitatoka mpaka bodi iziombe, kwa hiyo ukimwambia muuzaji "ona, haina 12, basi nipe bei ya ubovu", utakuwa unamdanganya.

Kipimo cha kweli ni mashine yako. Ifunge hapo hapo, washa, weka gemu nzito, siyo menyu. Kaa nusu saa. Mbovu nyingi zinapita dakika tano za kwanza zikiwa baridi, zinaanza kuzima zikishapata joto. Muuzaji akisema hana muda wa nusu saa, nenda meza ya pili.

Hatua ya 5: Kuifunga

Chomoa umeme, ngoja robo saa. Kapasita kubwa ya ndani inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 baada ya kuchomoa, kwa hiyo kava la pawa saplai lenyewe usilifungue kama si kazi yako. Skrubu za nyuma ni za nyota yenye tundu katikati. Bisibisi yangu ya T8 inazitoa. Ukishatoa kava la chini, fungua skrubu za pawa saplai, inyanyue wima bila kuipindisha, na kabla hujaivuta mbali chomoa kijiplagi chembamba kwa kushika plagi, siyo nyaya. Kurudisha ni kinyume chake. Zile pini mbili pana ziingie zenyewe. Ukisikia unatumia nguvu, hujalenga.

Hatua ya 6: Ya akiba

Mwenye mashine moja nyumbani hahitaji akiba. Mwenye chumba cha gemu anahitaji, maana umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo Jumamosi jioni, kila TV iliyozima ni wateja wanaohamia kwa jirani. Kama mashine zako nne ni CUH-1200, akiba moja ya 200ER inalinda zote nne. Ukiwa na nne za vizazi vinne, unahitaji akiba nne, kwa hiyo ukinunua mashine inayofuata nunua inayofanana na ulizonazo. Umeme ukikatika chomoa, na ukirudi hesabu dakika chache ndipo uchomeke. Gadi ya friji inafanya kazi hiyo bila kusahau.

Yule wa Nansio nilimbadilishia. Nilikuwa na 240AR imekaa, na yake ya pini 4 niliitaka mimi kwa ajili ya CUH-1216, moja ya zile za 1200, iliyokuwa inaningoja. Aliwahi meli ya mchana. Yake sasa iko kwenye kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko, mende wasiingie, na juu nimeandika kwa kalamu nene: 200ER, pini 4, imejaribiwa nusu saa, na tarehe.