Tamthilia ikiisha usiishe nayo: jipange ukiwa bado hewani

Wadogo zangu mnaoigiza hizi tamthilia ndefu hapa Dar, msisubiri mpaka mtangaziwe msimu ndo wa mwisho. Ukikaa kwenye uhusika mmoja miaka mitatu minne jina lako linapotea kabisa, ukishuka Kariakoo unaitwa la kwenye tamthilia, na raha yake ipo sikatai, ila prodyuza nae anaangalia TV kama hao wa Kariakoo, akishika skripti mpya anasema huyu si yule mke mwenza mwenye gubu, anakuruka, au anakuita uje ucheze gubu lilelile.

Kwahiyo kila shutingi ikisimama tafuta kitu ambacho hakifanani kabisa na ulichozoeleka, jukwaani, mchezo wa redio, filamu fupi ya wanafunzi wa UDSM au chuo cha sanaa TaSUBa kule Bagamoyo, hata kama wanakupa nauli tu we nenda. Ukimaliza omba vipande vyako, kata klipu ya dakika mbili, kaa nayo kwenye simu. Dairekta akikwambia "hii haikufai" usibishane nae, mtumie hiyo klipu. Na Instagram usiposti kila siku na wigi na madera ya uhusika, watu waone na sura yako.

Kukataa ndo kugumu, kodi inadai najua. Ila mcheki Bryan Cranston wa Marekani, kacheza baba wa vituko kwenye tamthilia ya vichekesho ya Malcolm in the Middle kuanzia 2000 hadi 2006, akaletewa tena mababa wa hivyo hivyo akagoma, 2008 akaibuka kwenye Breaking Bad mwalimu wa kemia anaepika madawa, na tuzo ya Emmy ya muigizaji bora kabeba mara nne kwa huyo mwalimu. Matt LeBlanc, aliyecheza Joey kwenye tamthilia ya vichekesho ya Friends, alifanya kinyume, Friends imeisha 2004 baada ya misimu 10, yeye akaendelea na Joey yuleyule kwenye tamthilia ya peke yake, misimu miwili ikafa. Na kuigiza anajua vizuri tu, watu walishamzoea pale na wale wenzake.

Hapa kwetu kumbukeni Kaole, lile kundi la maigizo la ITV. Kanumba, Ray na Johari hawakukaa nyumbani kungoja simu, walihamia kwenye muvi mapema, Kanumba akapiga kazi na Wanigeria, Ray na Johari wakafungua kampuni yao ya filamu, RJ, wakawa wanatoa kazi wenyewe. Wenzao kibao wa enzi zile sura tunazikumbuka, majina hayaji, na walikuwa wakali kwelikweli, inauma.

Halafu mkataba, huu usomeni jamani. Angalia kama kuna kifungu kinakuzuia kuigiza kwingine na kinaendelea mpaka lini, maana wengine wanakufunga hata miezi ambayo hakuna shutingi na hawakulipi. Ukikikuta omba kibadilishwe kabla hujasaini, waandike kwamba mapumziko ni yako, na marudio yakirushwa unapata nini. Ukiambiwa "hilo tutaongea mbele" mwambie liandikwe leo.