Masika yakikata safari: namna ya kuitunza akili siku kwa siku

Jumapili moja ya Aprili, mvua ikiwa haijakatika tangu usiku, mtoto wa dada yangu aligonga mlango saa moja asubuhi. Alikuwa amelowa. "Shikamoo mama mdogo," akakaa, akashika kikombe cha chai mpaka kikapoa bila kukionja. Yeye ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, hubeba mizigo ya wageni. Tangu katikati ya Machi hakuwa amepata safari, kampuni moja ilikuwa imemkalia hela za safari mbili, na usiku usingizi haukumjia mpaka saa tisa. "Mwili umechoka, mama mdogo, ila kichwa hakilali."

Mimi ni muuguzi, na maneno hayo nayasikia hapa Moshi kila masika. Mvua zikianza Machi wageni wanapungua, na mpaka Mei iishe vijana wengi wa mlimani wanakaa tu. Tulikaa naye wiki kadhaa tukijaribu hili na lile. Naandika hapa yaliyofanya kazi, kwa mpangilio tuliofuata. Hata kama hubebi mizigo, hata kama gari lako limelala gereji au biashara imekwama, hatua ni zilezile.

Kabla ya kuanza

Haya ni mazoea ya kila siku, hayachukui nafasi ya tiba. Kama kwa wiki mbili mfululizo huzuni inakukaa karibu kutwa nzima, hakuna kinachokufurahisha, chakula hakipiti na kazi ndogo tu inakushinda, hiyo inaweza kuwa sonona. Sonona ni ugonjwa na ina matibabu. Kama unafikiria kujiua au kujidhuru, usisome zaidi. Mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, mwende hospitali pamoja leo hii. Kwa Moshi ni Mawenzi au KCMC, kwa Arusha ni Mount Meru. Mapokezi usizunguke, usiseme "kichwa kinauma" kwa sababu ya aibu. Sema, "Nina mawazo ya kujidhuru, nahitaji kumwona daktari." Sentensi hiyo inakupeleka mahali sahihi. Ya kichwa itakupa panado na utarudi nyumbani ulivyokuja.

Ukitaka kuombewa, ombewa. Lakini hospitali nenda.

Hatua ya 1: Chagua saa ya kuamka

Ya kuamka, siyo ya kulala. Usingizi huwezi kuuamrisha uje, ila kuinuka kitandani unaweza. Tulichagua saa 12 na nusu asubuhi, kila siku, Jumapili pia. Ukishaamka toka nje ukae kwenye mwanga dakika kumi, hata kukiwa na mawingu.

Hatua ya 2: Simu ilale chumba kingine

Utaniambia simu ndiyo saa yako ya kukuamsha. Nunua saa ya mezani ya kengele, au azima kitochi cha mtu, ile simu ndogo ya vitufe. Sina subira na ushauri wa "punguza kidogo kidogo". Simu janja yenye bando ikiwa chini ya mto, saa nane usiku utaifungua. Mwanangu alikuwa anaingia kwenye magrupu ya wapagazi kutazama nani kapata safari. Kila picha ya wenzake wakiwa getini Machame ilimchoma.

Chumba kikiwa kimoja tu, iweke juu ya kabati, mbali na mkono, data imezimwa.

Hatua ya 3: Yapangie mawazo saa yake

Hapa ndipo tulipopoteza siku nyingi, kwa hiyo soma taratibu.

Njia hii ni ya zamani. Mwanasaikolojia wa Marekani, Thomas Borkovec, na wenzake waliiandika mwaka 1983. Kila siku unatenga nusu saa, saa ileile, mahali palepale, kwa ajili ya kuwaza tu. Wazo likija nje ya saa hiyo huligombezi, unaliahirisha, kisha unarudi kwenye ulichokuwa unafanya. Nusu saa ikifika unayawaza yote kwa makusudi na kutafuta la kufanya. Mimi nilianza kuifundisha 2020, ndege zilipokoma na mlima ukabaki bila wageni, nyumba nzimanzima zikakosa kipato kwa pamoja.

Kuisikia ni rahisi. Kuifanya kuna mitego, na sisi tuliingia karibu yote.

Mtego wa kwanza ni saa. Nilimwambia aweke saa tatu usiku, nikidhani atamaliza mawazo ndipo alale. Kosa lilikuwa langu. Aliyachochea halafu akaingia nayo kitandani, usiku tatu zikapotea. Tukahamishia saa kumi na moja jioni. Iwe kabla ya giza, na baada yake kuwe na kazi ya mikono: kuosha vyombo, kuchota maji, kumenya ndizi.

Mtego wa pili ni mahali. Usifanyie kitandani, wala kwenye kochi unalopumzikia. Yeye alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, chini ya paa la banda la kuku. Pawe mahali ambapo hukai kwa sababu nyingine yoyote.

Mtego wa tatu ni kuandika kwenye simu. Ujumbe unaingia, na nusu saa imekwisha. Tumia daftari la kawaida la shule na kalamu. Usinunue daftari zuri la jalada gumu, utaogopa kulichafua na hili ni la kuchafuliwa.

Mtego wa nne ndio mkubwa. Siku tano za kwanza daftari lake lilikuwa na maneno haya tu: pesa, maisha, mama, kesho. Neno kama "pesa" huwezi kulifanyia chochote. Ni wingu. Nikakaa naye, kila neno nikamuuliza: Kiasi gani? Nani? Lini? "Pesa" ikatoka hivi: Kodi ya chumba ya Mei, elfu thelathini, mwenye nyumba anakuja tarehe 5. Hela ya safari mbili sijalipwa, nimepiga simu mara moja tu. Mama anasumbuliwa na goti, ameniomba nauli ya kwenda kliniki na sijamjibu.

Aliposoma ya tatu alinyamaza muda mrefu. Kumbe iliyokuwa ikimkesha kuliko zote ni hiyo, na ilihitaji simu ya dakika mbili. Alimpigia mama yake, dada yangu, palepale akamwambia ukweli, kwamba hana. Dada akamwambia, "Mwanangu, nilidhani umekasirika."

Baada ya hapo tukachora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto ni yale ninayoweza kuyafanyia kitu wiki hii, kulia yale nisiyoyaweza. Kila la kushoto lazima liwe na siku na saa: Jumatatu saa tatu asubuhi kwenda ofisini kudai, wasipoeleweka kwenda chama cha wapagazi. La kulia liandike na uliache. Mvua iko kulia. Kushindana kuhamisha mambo ya kulia kuja kushoto ndiyo kazi inayokula usiku wa watu.

Mtego wa tano ni kutomaliza. Weka kengele. Ikilia funga daftari hata kama uko katikati ya sentensi, simama, nawa uso, nenda kwenye ile kazi ya mikono. Kesho saa kumi na moja ipo. Kwa yeye nusu saa ilikuwa ndefu, tukaishia dakika ishirini. Na siku ambayo huna la kuandika, usilitafute. Andika tarehe, funga.

Kutwa nzima nje ya saa hiyo, wazo likija usijilazimishe kulifukuza, kwa sababu linalofukuzwa hurudi. Andika maneno mawili pembeni, "kodi Mei", ujiambie "saa kumi na moja". Siku ya kwanza alihesabu mara ishirini na tatu. Alikuja kwangu akidhani hali imezidi kuwa mbaya. Haikuwa imezidi. Yalikuwa yanakuja hivyo siku zote, ila sasa alikuwa anayaona. Usikate tamaa wiki hiyo ya kwanza. Kwake yalianza kupungua siku ya kumi na mbili, kwako yanaweza kuwahi au kuchelewa.

Anayesali, naye asali baada ya kufunga daftari, siyo badala ya kuandika. Mimi mwenyewe nasali. Nimegundua sala yangu inanyooka zaidi nikishajua hasa ninachoombea.

Na angalizo moja ambalo sitaki ulipite. Msiba usiupangie saa. Kama umefiwa, kulia kukija lia, iwe sokoni, iwe kanisani au msikitini. Njia hii ni ya wasiwasi wa kodi na kazi na kesho, siyo ya majonzi.

Hatua ya 4: Mwili uendelee kutembea

Mpagazi anabeba kilo 20 siku sita au saba mfululizo, kisha ghafla analala kutwa. Mwili uliozoea hivyo ukikaa bure unageuza nguvu kuwa wasiwasi. Dakika thelathini za kutembea haraka, siku tano kwa wiki, zinatimiza dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizikose. Yeye alitoka Pasua hadi Mbuyuni na kurudi kila asubuhi. Alfajiri za masika mlima hufunguka kidogo kabla mawingu hayajashuka, na aliniambia ndiyo saa pekee alipouona mlima bila uchungu. Mvua ikinyesha vaa koti la mlimani, unalo.

Hatua ya 5: Mtu mmoja wa kumwambia

Wapagazi wanaitana wagumu. Jina ni la heshima na wamelipata kwa jasho, lakini linafunga midomo. Mgumu hasemi amelia. Kijiweni mtaongea mpira na siasa mpaka jioni, na kila mmoja anarudi na lake.

Huhitaji watu wengi. Chagua mmoja: asiyesambaza maneno, asiyekuwa na haraka ya kukujibu, na ambaye humdai wala hakudai. Kipengele hicho cha mwisho watu hukidharau, kisha mazungumzo yanaharibika. Mwambie mapema unachotaka. "Kaka, nina mambo yananikaba. Sitaki hela, nataka unisikilize robo saa." Ukiomba hivyo unamtua mzigo, maana wengi hukwepa wakidhani wataombwa mkopo.

Kama wewe ndiye unayeambiwa, usiseme "jikaze" wala "mbona wenzako". Uliza, "Kati ya hayo, lipi linakukosesha usingizi zaidi?" halafu nyamaza. Zimbabwe wamefanya kazi hii kwa mabibi. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza Harare mwaka 2006 kuwafunza wahudumu wa afya wazee, wanawake, kukaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki, kuwasikiliza na kuchagua nao tatizo moja la kuanzia. Kwa Kishona hali hiyo wanaiita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, neno linalokaribiana sana na tunaposema mtu "ana mawazo". Utafiti wao uliotoka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango umeshafika hata Zanzibar. Bibi zetu wa Uru na Kibosho wanajua kusikiliza vizuri hivyo. Watembelee.

Hatua ya 6: Kahawa na pombe

Kahawa iishe kabla ya saa nane mchana. Ni zao letu na naipenda, lakini masaa matano baada ya kuinywa karibu nusu ya nguvu yake bado imo mwilini. Pombe, iwe mbege, bia au kali, inakulaza haraka na kukuamsha usiku wa manane. Usiitumie kama dawa ya usingizi, hata siku moja.

Siku ikiharibika

Utaamka saa nne, hutatembea, daftari hutaligusa. Kesho yake usifidie. Anza na hatua ya 1 peke yake, nyingine zitafuata. Na kitandani, ukikaa kama dakika ishirini bila usingizi, inuka, kaa kitini na mwanga hafifu mpaka macho yawe mazito, ndipo urudi. Kugaagaa kunafundisha mwili kwamba kitanda ni mahali pa kuwazia.

Juni alipata safari ya Machame. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuja kuaga, akaniuliza kama mlimani aendelee na daftari. Nikamwambia aendelee, ila dakika kumi tu, wageni wakishakula na kabla hajaingia kwenye mfuko wa kulalia, na asiandikie ndani ya hema analolala na wenzake. Daftari alilifunga kwenye mfuko wa nailoni. Kalamu niliichukua nikampa penseli, kwa sababu kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, usiku wino hugoma kutoka.